Ukurasa wa Kilwa

Domitila wa Somanda, Bariadi, hakuwahi kupanda mashua ya tanga hata siku moja, lakini ukimuuliza wapi pa kwenda likizo ya mashua, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na daftari lake. Nusu ya mbele ni pwani: Pangani, Mafia, Kilwa. Nusu ya nyuma ni bara: Ukerewe, Rubondo, na Lamadi, hapo hapo Simiyu. Kila ukurasa una mwezi mzuri, upepo, namba ya nahodha na mahali pa kulala. Habari hizo alizipata kwa kupiga simu saa ya chakula, pale masjala anapofanya kazi ya ukarani, na manahodha walishamzoea wakidhani ana kampuni.

Chanzo cha daftari hilo ni mumewe, Limbu, fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba Maswa. Siku ya harusi alimwambia mbele za watu, "Chagua maji unayoyataka, nitakupeleka tukatweke tanga." Wageni wakapiga vigelegele, na Domitila, maskini wa watu, akaamini.

Mwaka wa kwanza alichagua Mafia. Limbu akanunua mitamba. Alipochagua Pangani ukaja msiba, kisha mitamba tena. Domitila akawa anapunguza mwenyewe: pwani ikiwa mbali, basi Ukerewe, Ukerewe ikiwa mbali, basi Lamadi, ambako mtu anaondoka Bariadi asubuhi na kurudi jioni.

"Mama Goodness, ziwani ukafuate nini? Sato si wanaletwa sokoni?" Limbu alisema, akageukia taarifa ya habari. Kila alipojaribu kumsomea ukurasa, mwanaume hakufika mstari wa pili. Hilo lilimuuma Domitila kuliko hata kukosa safari.

Julai hii Limbu aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kufuata vipuri. Siku ya tatu, Domitila akianika mtama uani, simu ikaita. Alikuwa Limbu, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mama Goodness, mhola?"

"Mhola duhu. Vipuri umepata?"

"Vinatafutwa. Lile daftari lako lipo? Nisomee pale pa Kilwa. Kuna mwenzangu wa kazini anataka kwenda."

Aliingia ndani kulichukua, na moyo wake, si uongo, ulikuwa umechangamka. Alipokuwa akifungua ukurasa, akasikia sauti ya mwanamke nyuma ya Limbu: "Muulize kama tulale Kisiwani au tuvuke hadi Songo Mnara." Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Violeth, mpima pamba wa kule Maswa, aliyekula Krismasi nyumbani kwake, kwenye sahani zake.

Domitila akakaa kitandani. Matusi yalimjaa kinywani, yakakwama. Chini ya ukurasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Julai kusi ni kali, vukeni asubuhi tu, na msipande bila jaketi okozi. Angeweza kuuruka mstari huo. Aliutazama kwa muda, akalionea aibu wazo lake, kisha akamchukia Limbu zaidi kwa kumfanya aliwaze.

Akasoma yote, neno kwa neno, na mstari mwekundu, na namba ya nahodha. Limbu hakumkatiza.

"Rudia tangu juu," akasema, "taratibu, tunaandika."

Miaka kumi na tisa, na hii ndiyo mara ya kwanza kusikilizwa ukurasa mzima. Akarudia.