Mgongo wa Mama

Harufu ya usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, hainiachi nitulie. Ikinifikia sokoni tu, nageuka kutafuta mtu.

Siku ile tulikuwa kwenye maonesho pale Kitai. Mama alikuwa kambeba dada mgongoni kwa mbeleko, ingawa dada alikuwa mkubwa kunizidi na miguu yake isiyotembea ilining'inia hadi magotini pa mama. Kwenye banda la kanisa, walikokuwa wanagawa viti vya magurudumu, sista mmoja alisema, "Mama, mshushe sasa, nawe upumzike."

"Hajazoea kukaa peke yake, Sista," mama akajibu, fundo la mbeleko kalishika.

Alimshusha baada ya kubembelezwa sana. Kiti kilinuka mpira mpya. Tukafumba macho, sista akasali sala ndefu, mimi nikikanyagakanyaga vumbi kwa kuchoka kusimama. Tulipofumbua, dada hayupo, na kiti hakipo.

Mama alikimbia huku na huko akiita, mbeleko ikiburuzika chini, watu wakimwuliza kapotea mtoto wa umri gani. Tulimkuta mbele ya wauza samaki waliotoka ziwani, mkono mmoja kwenye gurudumu, anatafuna usipa alioonjeshwa.

"Nani kakuleta huku?" mama alifoka.

"Nimekuja mwenyewe."

Mama akakung'uta mbeleko, akachuchumaa akimpa mgongo, kama kila asubuhi. Akangoja hivyohivyo, mbele za watu.

Dada aliendelea kutafuna.