Mzee Breki na Daraja Lisilovukika

Tangu astaafu udereva wa basi la shule, Mzee Breki alihamishia ubishi wake wote kwenye mchezo wa kuendesha basi, katika kompyuta kuukuu ya sebuleni. Kila akikaribia daraja, skrini inaganda, kisha maandishi yanatokea: kumbukumbu haitoshi.

"Daraja hili lina wazimu!" alifoka.

Binti yake, fundi kompyuta, akacheka. "Daraja halina kosa, baba. Mashine imechoka, na mchezo unaitwisha mzigo usiobebeka." Akafunga programu zilizokuwa wazi bure, akapunguza ubora wa picha, akaondoa vivuli, miti, na mwisho watembea kwa miguu wote, wakubwa kwa watoto.

"Mji gani huu, mtupu kama watu wamehama?" mzee alinung'unika. Lakini basi lilivuka daraja bila kukwama, naye akapiga honi kwa madaha.

Mbele kidogo, penye kivuko cha shule, akasimama kabisa.

"Baba, twende! Watoto nimeshawatoa."

"Umewatoa kwenye kompyuta," alisema, akitazama kulia, kisha kushoto. "Mguu wangu bado hujauambia."