Mahali Iliposimama Sinema ya Magari

Mwanangu, nilipokuwa kijana mwenye meno yote mdomoni, niliamini kabisa kwamba watu wanaouawa katika sinema wanakufa kweli, na kwamba usiku, taa zikishazimwa na magari ya Wazungu yakishaondoka, walizikwa palepale chini ya kile kitambaa cheupe kilichoonyesha picha. Niliamini kwa moyo wangu wote. Ungenipa ng'ombe kumi ili niseme si kweli, ningekurudishia ng'ombe wako pamoja na kamba zao.

Wewe na wenzako mmekuja kuniuliza ile sinema ya zamani, ile watu waliyoitazama wakiwa ndani ya motokari zao, ilikuwa wapi hapa Goma. Mmezunguka Mapendo, mmezunguka Mabanga, na kila mzee amewaonyesha kona yake. Kaeni basi. Mimi mahali pale napajua, na kupajua kwenyewe nusura kuninyime mke.

Nakumbuka asubuhi moja, katika ile miaka ya hamsini, kapita wa mtaa, ndiye aliyegawa viwanja siku hizo, alinipeleka kando ya kilima kidogo cha lava tulichokiita Tumbo, kwa sababu kilifanana na mtu aliyeshiba akalala chali. Akanionyesha kipande cha mawe meusi upande wa machweo.

"Hii ndiyo parsele yako," akasema. "Panga mawe ya musingi mbele ya mvua kubwa. Usipopanga, ninaipatia mutu mwingine."

Nilitaka kumbusu. Mimi sikuzaliwa hapa. Nilitoka Kindu nikaja kukaa kwa shangazi yangu, Mama Zaina, aliyeuza samaki pale Kituku kwa sauti iliyofanya hata watu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wageuke kuuliza bei. Mchana nilibeba magunia ya kahawa. Jioni nilikwenda masomo ya jioni, na Kifaransa kiliniingia mpaka mbwa wa mtaani wakazoea kuamkiwa "bonsoir". Lakini haraka yangu haikuwa ya Kifaransa. Haraka yangu ilikuwa Faida.

Faida alikuwa binti ya muzee Ramazani, shofere aliyeendesha gari la mnunuzi mmoja wa kahawa. Nilikuwa nimeshapeleka wazee wangu kwa baba yake, naye alijibu neno moja tu: "Binti yangu hataolewa katika nyumba ya kupanga. Jenga, kisha urudi." Na nyuma yangu alikuwepo mfanyabiashara wa Bukavu, mwenye baiskeli mbili, moja ya kazi na moja ya kutazamwa, akisubiri nichoke. Kwa hiyo unaelewa: bila parsele hakuna nyumba, na bila nyumba Faida anapandishwa kwenye baiskeli ya Bukavu.

Jioni ile nikamwambia Kizito, tuliyekaa naye dawati moja, kuhusu bahati yangu. Penseli ikamwanguka.

"Kando ya Tumbo? Kaka, pale ndipo sinema ilikuwa! Wale wote waliopigwa risasi wako chini."

"Ulishuhudia?"

"Niliwaona wakianguka. Uliwahi kusikia mutu amemwona hata mumoja akirudi kwao?" Akanisogelea. "Na umeona majani yanaota pale?"

Sikuwa nimeona majani. Kweli, siku zile Goma nzima ilikuwa jiwe tupu, majani yangeota kwa ruhusa ya nani? Lakini kijana mwenye hofu hatazami kiwanja cha jirani. Usiku ule niliwaona wafu wa sinema wamepangana chini ya kitanda changu na kofia zao vichwani.

Kizito aliniambia pia kwamba sinema yenyewe ilikuwa imetoweka kabla sijafika mjini. Ilikaa viangazi viwili hivi, kisha mwenyewe akakunja kitambaa chake, akaenda zake. Nguzo watu wakazifanya boriti za nyumba. Ile safu ya mawe ambayo magari yalipandisha matairi ya mbele, ili pua iinuke na bwana aone vizuri, ikawa kuta za nyumba. Hakikubaki kitu cha kumwonyesha mtu.

Nikaamua nitaitafuta mwenyewe. Kama sinema haikusimama kwenye parsele yangu, nijenge nioe. Kama ilisimama pale, basi, Bukavu ishinde.

Nikauliza mji mzima. Fundi cherehani akasema ilikuwa Mapendo. Mwoka mikate akaapa ilikuwa karibu na ziwa, maana alisikia maji yakipiga. Kwa hesabu yangu, mpaka mwisho wa juma Goma ilikuwa na sinema nyingi kuliko Paris. Mwishowe nikamwuliza shangazi, ambaye nilipaswa kumwuliza kwanza.

"Sinema? Nilikwenda kila siku ya posho, jumamosi," akasema, akiparua samaki. "Ilikuwa kando ya Tumbo. Tumbo lilikuwa mukono wangu wa kushoto, ninakumbuka, kwa sababu niliegemeza kikapo yangu pale. Na wale Wazungu wa sinema, mutoto, wote wanatumia mukono wa kushoto! Kupiga risasi, kushoto. Kula, kushoto. Hata kusalimia. Sijui mama zao waliwafundisha nini."

Nikakimbia hadi Tumbo. Nikasimama nikiutazama mlima wa moto, maana nilijiambia watazamaji lazima walielekea huko. Mwenye akili gani atakaa akiupa mgongo mlima wa moto? Nikasogea mpaka Tumbo likawa mkono wangu wa kushoto. Mwanangu, nilijikuta upande wa mawio! Parsele yangu ilikuwa upande wa machweo, ng'ambo kabisa. Wafu wote walikuwa kwa jirani. Nilimwonea jirani huruma kidogo, halafu nikaanza kupanga mawe ya msingi huku nikiimba kwa nguvu, mpaka kunguru wakahama.

Msingi ulipofika magotini nikaenda kwa muzee Ramazani kujisifu. Nikamweleza yote, isipokuwa habari ya makaburi. Nikamalizia, "Kwa hiyo, muzee, sinema ilikuwa upande ule mwingine wa Tumbo."

Akacheka kwa upole. "Hapana, mutoto. Mimi nilimupeleka bwana wangu pale. Nilikaa kwenye usukani, ninatazama mulima, na Tumbo iko mukono wangu wa kuume. Ilikuwa upande wa machweo."

Upande wa machweo. Kwenye mawe yangu. Damu ikanishuka mpaka kwenye kandambili, na hofu ikanitoa neno ambalo heshima ingelizuia.

"Basi umesahau, muzee. Shangazi yangu hasemi uongo."

Faida alikuwa anatuletea chai. Akasimama palepale mlangoni. Muzee Ramazani hakupaza sauti, na ndipo nilipoogopa zaidi.

"Kama shangazi yako hasemi uongo, na mimi ninasema kinyume chake, basi muongo iko nani katika nyumba hii?"

Niliiona baiskeli ya Bukavu inapita mbele ya macho yangu, ile ya kutazamwa, na Faida amekaa nyuma.

"Umulete shangazi yako kesho, pale Tumbo," akasema. "Kunywa chai, usiogope. Kesho tutaona."

Kesho yake tulikutana. Mama Zaina alikuja na kikapu chake, kwa sababu hakuwahi kwenda popote bila kikapu. Muzee Ramazani alikuja na Faida. Hata salamu hazijaisha vizuri, vita ikaanza.

"Shofere, macho yako yamezeeka," shangazi akasema. "Tumbo ilikuwa kushoto."

"Mama Zaina, macho yangu yamezeeka, kweli. Ulimi yako peke yake ndiyo ingali kijana. Kuume!"

"Kushoto! Na muuaji alipiga na kushoto!"

"Alipiga na kuume, kama mutu yeyote aliyezaliwa na mama!"

Mimi katikati, natamani lava iyeyuke tena inichukue. Ndipo muzee Ramazani akainua mkono.

"Tuache kugombana na mudomo. Kila mutu aende asimame palepale alipokuwa."

Wakaenda. Mzee akazunguka chini kidogo, shangazi akapanda juu kidogo. Kila mmoja akatazama mawe, akapima, akasogea, akarudi. Halafu wote wawili wakasimama, mwanangu, na mpaka leo nikifumba macho nawaona. Walikuwa wanatazamana! Mzee ameelekea mlimani, shangazi ameelekea ziwani. Tumbo liko mkono wa kuume wa mzee, na liko mkono wa kushoto wa shangazi. Lilelile moja. Na kati yao, mahali ambapo kitambaa kilitundikwa, ulikuwa msingi wangu.

Mzee akagusa kitu kwa kiatu. Mawe mawili bapa, yamepangwa sambamba kama ngazi fupi, hakuna aliyeyachukua. "Hapa nilipandisha matairi ya mbele," akasema polepole. Kisha akainua uso. "Mama Zaina, kumbe weye ulikuwa nyuma ya kitambaa?"

"Sasa ningekaa wapi? Kwa mbele magari yenu yalijaa. Sisi tulisimama huku. Picha ilipenya kitambaa, tukaiona bure."

"Mulikuwa munaiona kinyume!"

Shangazi akatazama mkono wake wa kushoto, akatazama wa kuume. "Ee Mungu," akasema, "na mimi nimewasengenya Wazungu miaka yote hii!"

Walicheka hao wawili. Walicheka mpaka shangazi akakaa juu ya kikapu chake mwenyewe. Muzee Ramazani akanijia akifuta machozi, akaniwekea mkono begani, na swali lake la jana akalijibu mwenyewe kwa maneno haya: "Mutoto, mutu akikuambia jambo ambalo halifanani na la mwenzake, usitafute muongo. Umuulize kwanza alisimama wapi."

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Wao wamepatana, lakini wamepatana juu ya parsele yangu. Nikakaa juu ya msingi nikawamwagia yote: Kizito, risasi, kofia, makaburi, majani yasiyoota. "Siwezi kumleta Faida alale juu ya maiti," nikasema. "Mtanisamehe. Nairudisha parsele."

Hakuna aliyecheka. Muzee Ramazani akatazama chini. Hata yeye, nadhani, alianza kukumbuka waliouawa. Faida ndiye aliyeinama akachukua mtaimbo wangu, ule wa chuma niliokuwa nabandulia mawe. Akaunyanyua kwa mikono miwili, akaupiga chini. Cheche zikaruka. Akapiga tena. Jiwe halikupata hata alama ya ukucha.

"Musingi wako umeuchimbia kiasi gani?" akaniuliza.

"Sikuchimba. Nimepanga juu. Nani anaweza kuchimba hapa?"

"Bibi yangu alipokufa, wanaume wanne walipasua jiwe kutwa nzima na kesho yake, na mutaa wote ulisikia vyuma. Sasa wale watu wa sinema, kundi zima, kila siku ya posho, usiku mumoja, kimya kimya," akaniwekea mtaimbo mikononi, "nani aliwachimbia?"

Nikafungua mdomo. Kifaransa chote cha masomo ya jioni kikanikimbia, na Kiswahili nacho kikakifuata.

"Jibu, mwanafunzi," akasema muzee Ramazani.

Nilijibu kwa kupanga mawe. Nilipanga mpaka mvua kubwa ikanikuta nafunika paa, mvua ya matone makubwa kama mayai ya bata, na kapita akaja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Faida akaingia nyumba yake mwenyewe. Yule mtu wa Bukavu, Mungu ambariki, alitoa sahani kumi na mbili za arusi na akala katika zote.

Kwa hiyo mmeuliza sinema ilisimama wapi. Mmeikalia. Kitambaa kilitundikwa hapa, kati ya kiti changu na huo mlango. Kila siku namshukuru Mungu kwa jiwe hili lisilochimbika, namshukuru shangazi aliyesimama nyuma, namshukuru baba mkwe aliyekaa mbele, akasamehe ulimi wa kijana mjinga na bado akampa chai. Kama angeninyima ile chai, msingenikuta hapa leo mkaniuliza.

Nasaha yangu ni hii, ishikeni. Mnapowatafuta wazee muwaulize mambo yaliyotoweka, msirudi mkisema huyu anajua na yule amechakaa akili. Mshikeni kila mmoja mkono, mwende naye mpaka pale aliposimama, mtazame alichotazama. Na mtu akikutisha kwa habari kubwa, usianze kwa kutetemeka. Uliza kazi ile ilifanywaje, na nani, na kwa chombo gani. Usione haya kama anayeuliza ni msichana na wewe ndiwe msomi. Mimi nimelala salama maisha yangu yote juu ya swali la msichana.

Mungu awape nyumba zenu juu ya mawe imara, awape wakwe wenye subira, awape macho ya kuona pande zote mbili za kitambaa, na mkizeeka awape vijana wa kuja kuwauliza, kama mlivyonijia leo.

Imebaki kitu kimoja. Mtoto wetu wa kwanza, Amisi, alikuwa ameshaanza kutambaa, nami jioni moja nilikuwa bado nasumbuka kimoyomoyo. Hapa hawakuzikwa, sawa, hilo nilikubali. Nikamwuliza mke wangu, "Faida, sasa wale wafu wa sinema waliwazika wapi?"

Akaweka sufuria chini, akanitazama kwa upendo mwingi.

"Papa Amisi," akasema, "hakuna aliyekufa. Walikuwa kazini."