Mpini wa Jeneza

Habari ya kifo chake niliisikia Jumatatu asubuhi, nikiwa uani napiga mswaki. Kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Pangani, Kibaha, kilitangaza jina la fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye banda lake ni la tatu kutoka nyumbani kwangu. Jina hilo sitaliandika. Mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Tangu mfungo alikuwa akilalamikia kifua, na kila nilipomsihi aende hospitali alinijibu, "Nimalizie geti hili kwanza, mwandishi." Nimeumia, wasomaji wangu. Nimeumia kwa msiba, na nimeumia kwa jambo jingine nililolificha, ambalo leo nitalisema.

Urafiki wetu ulianzia kwenye dirisha. Alikuwa akinitengenezea grili, nami kwa ujuaji wa watu wa kalamu nikaomba nijaribu. Akanipa ngao ya uso na kijiti cha kuchomelea. Kikaganda kwenye chuma. Nikakinyofoa, safari hii nikakiweka mbali. Cheche zikatapakaa kila upande na chuma hakikushika kitu. Nikaongeza moto kwenye mashine, nikatoboa tundu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika mkono. "Nafasi kati ya kijiti na chuma isizidi unene wa kijiti chenyewe. Sikiliza, ukipatia kinalia kama mihogo inayokaangwa." Mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, hakuacha kuingiza mihogo katika kila jambo. "Halafu kumbuka, kijiti kinaisha. Kila kinapofupika, mkono ushuke nacho. Ukiuacha palepale utadhani uko karibu, kumbe ulishakuwa mbali." Niliyaona maneno ya kazi tu.

Mwaka juzi mpini mmoja wa jeneza la msikiti, lile la chuma tunalobebea maiti wote, ulipata ufa. Mimi ni katibu wa kamati, na siku hiyo tulikuwa na mazishi ya mzee wetu mmoja baada ya alasiri. Nikampelekea fundi mchana. Akawasha mashine, akasikiliza, akazima. "Umeme mdogo. Nikichoma sasa, moto hautaingia ndani. Itakaa juu juu tu, na hili linabeba mtu. Azima jeneza la msikiti wa jirani." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anajidai, kazi ya dakika mbili anaifanya elimu ya chuo. Nikalipakia jeneza kwenye gari, nikaenda kwa kijana mmoja njia ya Soga ambaye hakuuliza kitu. Alichoma, akapuliza rangi ya fedha, likang'aa kuliko lilivyokuwa jipya.

Mpini ulikatika njiani kuelekea makaburini. Jeneza liliinama, na kama si waliokuwa nyuma kulidaka, mzee wa watu angeanguka chini mbele ya wanawe. Mwanawe mkubwa alijishika kichwa kwa mikono miwili, sijaisahau sura yake. Watu wakanong'ona kwamba fundi wetu ametuaibisha, kwani nani mwingine huchomelea vitu vya msikiti? Nami, niliyejua, nilinyamaza. Kesho yake fundi alilichukua jeneza mwenyewe, akakata mipini yote minne, akaianza upya. Nilipomfuata bandani nikaanza kubabaika, akanikatiza. "Ningesema, wangekuangalia vibaya msikitini. Mimi wananiangalia vibaya barabarani tu, nimezoea." Nikamwahidi nitawaeleza watu Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine. Mageti yakaanza kumpita kwenda kwa mafundi wengine, nami nikawa nazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya banda lake.

Siku hizi mji wetu unajengwa usiku na mchana, na tunapenda vitu vinavyong'aa. Geti likipakwa rangi tunalisifu, hatuulizi kama chuma kimeshikana. Na sisi wenyewe tuko hivyo: salamu zetu nzuri, msikitini tunakaa bega kwa bega, ndani hatujashikana. Nayasema haya nikijisema mwenyewe.

Tulimsafirisha kwenda kwao Masaki ndani ya jeneza lilelile. Gari lilipoishia kwenye mikorosho tukalitia mabegani, na mkononi mwangu ukaangukia mpini wa mahali palepale ulipokatika ule wa kwanza. Haukutikisika. Baada ya kuzika, kaka yake alisimama akasema, kama ilivyo ada yetu, "Ndugu zangu, kama marehemu alimkosea mtu, tunaomba amsamehe." Tukaitikia kwamba tumemsamehe. Ndipo nyuma yangu yule mtoto mkubwa wa mzee akasema kwa sauti ya upole, "Hata lile la jeneza nimemsamehe." Watu wakaitikia, "Amin." Na mimi, Mungu anirehemu, nikaitikia pamoja nao.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilichoniumbua ni kifo cha mwenzangu. Kijiti kilikuwa kinafupika siku zote hizo, nami mkono sikuushusha. Wewe unayesoma, kama kuna mlango unaoupita kwa njia ya nyuma, rudi leo upite mbele yake. Nawe ndugu yangu uliyesamehe pale Masaki, nakuomba uuchukue tena msamaha wako. Fundi hakuuhitaji. Jeneza lile lilichomelewa njia ya Soga, na aliyelipeleka ni mimi.