Wasomi wa Miji Walipokuja Garissa

Mimi ni mtu wa Lamu, lakini Garissa ndiyo iliyonizeesha. Nilikuja kufundisha, nikaolewa, nikazaa, na joto la hapa nimelizoea hadi nikienda kwetu najifunika shuka mchana. Nayasema haya mapema nisije nikaulizwa kimenihusu nini kifo cha mtu ambaye si ndugu yangu wa damu. Kilinihusu, na hata leo kinaniuma.

Tulikuwa wawili tu kutoka kaskazini mashariki katika bodi ya chama cha wasomi wanaochunguza miji, mimi na yeye. Wenzetu walikuwa watu wa Nairobi, Kisumu, Mombasa na nchi jirani. Yeye alikuwa profesa wa jiografia, Msomali wa Habaswein, mrefu, ndevu kazitia hina, na ndiye aliyenivuta bodini. Nilimwita adeer, yaani ami, kwa kuwa alinizidi umri. Naye aliniita abaayo, dada. Kiswahili alikizungumza kwa mtindo wake mwenyewe na hakuona haya.

"Abaayo, Kiswahili yenu watu wa pwani iko na chumvi mingi," aliniambia.

"Na chenu hakijatiwa hata maji," nikamjibu, akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Bodi ilikutana mtandaoni kuamua mambo ya jarida, ya wanachama wapya, na kila mwaka kuchagua mji utakaopokea kongamano. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa adeer moyoni. Miji ya wenzake wote alikuwa ameshaifikia na kulala kwenye hoteli zake, lakini kwake hakuwa amekuja mtu. Halafu alikuwa na mwanafunzi, msichana mkimbizi wa Dadaab, aliyeandika jinsi kambi ilivyogeuka kuwa mji wenye mitaa, masoko na ugomvi wa mabomba ya maji. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kibali chake cha kwenda Nairobi kilikuja kongamano limekwisha, na kazi yake ikasomwa na mtu mwingine aliyeshindwa kujibu hata swali moja. Adeer alirudi kutoka safari ile amekunja uso.

"Hao watu wanasoma mji kama wanasoma mwezi," alisema. "Wanaangalia kwa mbali. Nataka wakuje hapa, wakule, wamsikie huyo msichana na masikio yao. Kabla sijakufa, abaayo."

Hilo la kufa halikuwa mzaha. Figo zilikuwa zimemchoka, na kila wiki alilazwa kwenye mashine hospitalini asafishwe damu. Akitoka pale alikuwa mweupe kama unga, na bado alitaka tuzungumze habari za kongamano.

Siku ya kuleta pendekezo aliongea vizuri mno. Akamalizia kwa methali niliyomfundisha mimi, mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye kioo cha kompyuta niliwaona wote wakitabasamu. Mwenyekiti wetu, mama mpole, profesa wa mipango ya miji, akamshukuru sana. Kisha akasema iundwe kamati ndogo itazame kama Garissa inafaa, kama ilivyo desturi yetu. Nikajua tumekwisha. Wasomi ukiwaambia nyumba inaungua, huunda kamati ya kuchunguza moshi.

Katika kamati ile hamna aliyewahi kuvuka daraja la Tana. Wala hawakumpigia simu mtu yeyote wa huku. Walifanya lile wanalolijua, wakatafuta kilichoandikwa. Na kazi iliyoandikwa kwa kina kuliko zote juu ya usalama wa Garissa ilikuwa ya nani? Ya adeer mwenyewe! Aliifanya ile miaka mibaya, wakati tulipokuwa na kafyu na maduka yakifungwa kabla ya magharibi. Alionyesha kwa ushahidi jinsi hofu ilivyoupunguza mji, na jinsi mgeni alivyokuwa hawezi kutembea jua likishazama. Kamati ikamnukuu ukurasa baada ya ukurasa, kwa heshima zote, "kama anavyothibitisha mwenzetu."

Mtume! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimtazama pale kwenye kioo. Alikuwa anafuta miwani yake taratibu kwa pindo la kikoi.

Mwenyekiti akamwuliza, na sina shaka alitaka kumsaidia, "Profesa, matokeo haya bado ni ya kweli leo?"

Hivi hilo nalo ni swali la kufikiriwa? Ilikuwa jioni. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, duka la jirani limewasha taa, na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakunywa chai barabarani. Alichotakiwa kusema ni kwamba mambo yamebadilika, basi. Nilikuwa nimebana midomo namwombea. Sema, adeer, sema.

"Sijapima tena," akasema.

Nikadakia mimi. Nikawaambia jana yake nilikwenda kununua nyama baada ya isha, kwa miguu, na binti yangu, tukarudi tunapiga soga. Mmoja akanijibu kwa adabu kwamba huo ni ushuhuda wa mtu, si utafiti. Kura ikapigwa. Adeer hakuinua mkono kwa sababu jambo lilimhusu, kanuni haziruhusu. Wangu ulibaki peke yake hewani, kongamano likapewa mji mwingine, na ajenda ikaendelea.

Kesho yake nilimwendea nyumbani nimefura. Hata salamu sikuitoa vizuri.

"Adeer, una wazimu? Umeulizwa mji unaoishi, unasema hujapima? Unapima nini na unauona?"

Alinisubiri niishiwe na pumzi. "Abaayo, mimi nimefelisha watoto wa watu kwa hii maneno. Anakuja ananiambia, profesa, kila mtu anajua. Mimi namwambia, kila mtu si utafiti. Leo nifanye hiyo kitu mimi, kwa sababu ni mji yangu?"

"Basi pima!"

"Nitapima. Wallahi nitapima."

Na hapo ndipo ilipokuja balaa nyingine. Utafiti wa kwanza aliufanya wakati wa mvua za gu, zile za masika, ambapo wafugaji hutoka na wanyama wao kwenda malishoni na mji hupungua. Ili alinganishe kwa haki, ilimbidi angoje majira yaleyale. Tukangoja mvua. Haikuja. Wanaotoka kaskazini, upande wa Hadado, walisimulia mizoga ya ng'ombe kando ya njia, na watu waliopoteza mifugo wakajazana mjini kutafuta chochote. Nikamwambia apime sasa hivi, maduka yako wazi mpaka usiku, nani atajali majira?

"Sasa hivi mji imejaa watu hawana pa kwenda," akanijibu. "Wako nje usiku kwa sababu hawana nyumba. Nikihesabu hiyo nikaita amani, nitakuwa nimehesabu njaa."

Niseme kweli, mimi ningedanganya. Ningemwandikia kurasa tatu za uongo mtamu na kutia sahihi. Lakini kila nikimtazama alivyozidi kukonda, hasira ilinitoka kidogo kidogo, ikabaki huruma, na huruma yenyewe ilinichosha kuliko hasira. Jioni alikaa nje ya duka la jirani akiwaangalia wapita njia. Chai aliyowekewa hakuruhusiwa kuimaliza, daktari alimpimia maji ya kunywa.

"Unaona, abaayo? Watu wako. Wanatembea."

"Naona, adeer. Liandike."

"Bado gu."

Alifariki asubuhi moja, akiwa anajiandaa kwenda hospitali. Adhuhuri alioshwa na kusaliwa, na kabla ya alasiri alikuwa kaburini, ndivyo tunavyozika. Inna lillahi. Msichana wa Dadaab aliomba kibali cha kuja matangani, hakukipata, akanipigia simu tukalia pamoja. Nilituma habari kwenye kundi la bodi nikidhani wataandika rambirambi, basi.

Siku ya tatu yakaingia magari. Mwenyekiti alikuwemo, na karibu wanabodi wote. Walikuwa wameondoka Nairobi alfajiri, wakapita Mwingi, wakavuka daraja, na walipofika mjini waliuliza jambo moja tu, nyumba ya profesa ni ipi. Kamati haikuundwa. Hamna aliyesoma kitu kabla ya kuja. Wanaume wakakaa mkekani na wanaume wetu, sisi wanawake tukawapokea wenzetu ndani, wakala wali na nyama ya ngamia, na wengine walilia kwa uchungu wa kweli. Siwezi kuwanyima hilo.

Baada ya magharibi mwenyekiti aliniomba nimtoe kidogo anyooshe miguu. Tukatembea mpaka sokoni. Taa zilikuwa zinawaka kote, wanawake wanauza maziwa, wauza dhahabu wamefungua, bodaboda zinapiga honi, na watu wanabishana bei. Alisimama katikati ya njia akageuka huku na huku.

"Mji umechangamka hivi!" akasema. "Sasa kwa nini hakutuambia?"

"Mlimuuliza kama msomi, akawajibu kama msomi," nikamwambia. "Mngeuliza tu kama kuna chai, angewaambia njooni."

Aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa anajifuta machozi kwa mtandio. "Mwakani kongamano tutalileta hapa," akasema. "Tutalipa jina lake."

"Yeye hakutaka jina," nikamwambia. "Alitaka kuwaona."

Hapo akalia kwa sauti, muuza maziwa akamsogezea kigoda akae. Nami nikalia. Tulilia wawili palepale sokoni watu wakitupisha, na mkono wake sikuushika.