Chumvi ya Mama

Niliporudi Kalemie na shahada yangu ya falsafa, nilimkuta mama amekonda hadi pete ya ndoa inamcheza kidoleni. Dada yangu akanieleza: mama ameacha chumvi. Kaka yetu mkubwa alikwenda Manono kuchimba madini, akapiga simu mara moja akiwa njiani, Nyunzu, kisha kimya. Mama akaweka nadhiri mbele ya wamama wa kanisa kwamba hataonja chumvi mpaka mwanawe arudi.

Nilibishana naye wiki nzima. Mungu gani huyo anayepima upendo wa mzazi kwa ulimi? Kama kaka yuko hai, anafaidika nini na sombe chapwa, majani ya muhogo yasiyo na chumvi? Mama alikuwa anachambua vijisamaki vya ndagala, hakuinua kichwa.

"Papa, wewe ulisoma," alisema. Ndivyo wamama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wakitaka wanyamaze. "Mimi niko nangojea."

Dada alicheka, akasema Lubumbashi wamenifundisha kuuliza tu, kujibu ni mwaka ujao.

Lakini mama alizidi kukonda. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani. Mchana mmoja, dada akiwa sokoni, nilipika mwenyewe na kutia chumvi kwenye sombe. Kidogo tu. Nilitaka ale. Nilitaka pia, nikiri, aone kwamba mbingu hazianguki.

Alichovya tonge la bukari, akalitia mdomoni. Taya zikasimama. Alinitazama, macho yakajaa, kisha akatafuna polepole mpaka akameza.

"Nani alikuletea habari?"

Sikuelewa. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama wamekwisha kumzika ao bado.

Hapo ndipo nilipoijua nusu ya nadhiri ambayo dada hakunieleza. Mama alikuwa amewaomba wenzake hivi: mtoto akifa, mtu asije kumtangazia kwa maneno. Wamtilie tu chumvi kwenye chakula. Ataelewa.

Niliapa kwamba hakuna habari yoyote, kwamba ni ujinga wangu. Dada aliporudi akaapa naye. Mama alitikisa kichwa, akasema tunamficha kwa kumhurumia. Akavua kitambaa chake cha maua, akaketi chini kwenye mkeka. Wamama wa kanisa walikuja na kuni na unga. Nilisimama mlangoni nikimweleza kila anayeingia, na kila mmoja alinishika mkono na kunipa pole.

Sasa mama anakula na chumvi. Amenenepa kidogo. Simu ikilia, hashtuki tena. Anayeshtuka ni mimi.

Dada hunitengea sombe yangu kwenye kisufuria kidogo kabla hajatia chumvi kwenye ya wengine. Hakuna aliyeniagiza, wala siamini kwamba kuna anayeona huko juu. Bado sijui chumvi inahusiana vipi na kaka yangu. Najua tu kwamba katika nyumba hii hakuna mwingine anayemngojea, na kwamba sombe hiyo ni chapwa kuliko nilivyodhani.