Mazalia ya Kuhe

Leonia alizaliwa Mwamgongo, akaanika dagaa Mwamgongo miaka thelathini, na hakuna mwanamke aliyelijua ziwa la pale kumzidi. Sasa niambie wewe: nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zinakutana Bujumbura kukubaliana sehemu za kufunga ili samaki wazaliane, kijiji kinatakiwa kitoe mwanamke mmoja, halafu anachaguliwa nani? Yunisi! Yunisi aliyeolewa pale juzi tu, mpika maandazi, eti kwa sababu amefika kidato cha nne na anajua kujieleza. Leonia roho ilimuuma mpaka chakula hakipiti. Alipoona kitenge cha safari cha Yunisi kimeanikwa, aliomba mvua inyeshe.

Siku mbili kabla ya safari, Yunisi alimfuata kwenye chanja za dagaa.

"Shikamoo dada. Wataniuliza kuhe wanazalia wapi. Mimi sijui, wewe ndiye unayejua."

Alijua, tena sana. Ni kwenye ghuba ndogo nyuma ya mawe, ambako tangu utotoni aliwaona kuhe, wale samaki wakubwa, dume na jike, wakilinda watoto wao. Lakini wivu, jamani! Akaendelea kugeuza dagaa wake.

"Mlango wa mto," akasema, macho makavu kabisa.

Wiki iliyofuata Yunisi alirudi, na kijiji kizima kikakusanyika mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kumsikiliza. Nchi zote nne zimekubaliana: kuvua kwenye mlango wa mto ni marufuku. Leonia alisimama nyuma amenuna, akingoja mwenzake ajisifu.

Wala hakujisifu. "Waliniuliza nimejuaje," Yunisi alisema. "Nikawaambia si mimi, ni dada Leonia, analijua ziwa letu kuliko sisi sote. Wameandika jina lako kwenye ramani, dada. Ukumbi mzima ulikupigia makofi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Leonia akatabasamu.

Kesho yake wavuvi waliofukuzwa mtoni walihamia ghuba ndogo. Feliksi, mumewe, alirudi anacheka, kabeba kuhe wawili wakubwa.

"Mke wangu, kumbe nyuma ya mawe kumejaa! Pika, tule kwa heshima yako."

Leonia alichukua kisu, akapasua. Mayai yakammwagikia viganjani, mengi, mabichi. Uani majirani walikuwa wanamwita aje wampongeze.